Nilimtungia Binti Yangu Mila ya Ukoo

Nimekosa. Naanza na hilo kabla sijajipamba, maana kujipamba ndiko kulikonifikisha hapa. Nisikilizeni kama mnavyomsikiliza mtu aliyeketi nanyi barazani, kikombe mkononi, macho kayainamisha. Jina sitoi.

Kazi yangu ni kuwachangamsha wageni katika hoteli moja ya Diani. Asubuhi nawachezesha viungo kando ya bwawa, alasiri tunapiga mpira wa wavu, jioni nawasimulia mila. Mila zipi? Hapo ndipo penye aibu. Mgeni akiuliza kwa nini tunakula kwa mkono, namwambia vidole vitano ni mababu watano na kila mmoja lazima aonje. Akiuliza kwa nini mnazi ule umeinama, namwambia unamwamkia mama mkwe. Wageni hufurahi, huvipiga picha vidole vyangu. Hata moja sikuisikia kwa mtu. Ulimi wangu umezoea hivyo: ukiulizwa jambo la mila, unafungua duka.

Mimi ni Mkamba wa Kitui, lakini wa kwenye kitambulisho. Nilizaliwa Mombasa, baba akifanya kazi bandarini, na Kitui nilikuwa nikienda kuzika watu. Kikamba changu kinatosha kuomba maji na kuaga. Mke wangu kwao ni Bungoma. Tulikutana hotelini, yeye akiwa upande wa dobi, tukapanga nyumba Ukunda, tukajaliwa binti. Mama yangu akampa jina la Mumbua, jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua.

Basi huyo Mumbua, mvua ikigonga mabati, analia.

Na si mvua tu. Lebo ya shingoni kwenye sare ya shule ilimwasha mpaka tukaikata. Kengele ya shule ilimkimbiza chini ya dawati. Mwalimu akimgombeza mtoto mwingine, machozi yanamtoka Mumbua. Aliweza kumwambia mama yake, "Umekasirika," mama yake mwenyewe akiwa bado hajajua kwamba amekasirika. Kisha kweli, ugomvi ukaanza.

Majirani zetu, watu wema wa hapa hapa, walisema sisi wabara tunawakaripia sana watoto, ndiyo maana wetu analialia. Jamaa wa bara wakasema kwenye simu kwamba tumemlegeza kwa upepo wa bahari. Shuleni aliitwa mbara. Akienda Kitui kwa mapumziko, aliitwa mtoto wa Mombasa. Alikuwa na miaka saba na hakuwa wa mtu yeyote.

Mke wangu akasikia habari za Bi Mwanamisi, mama mmoja Mdigo aliyesomea ushauri wa watoto. Alikuwa na chumba nyuma ya duka la dawa, njia ya kuelekea Msambweni. Chumba chenyewe kilikuwa na jamvi, mito, rafu ya vitu vya kuchezea, na dirisha lililotazama mpapai. Mumbua aliingia, akaenda moja kwa moja chini ya meza. Bi Mwanamisi hakumwita. Alimsukumia mto kwa mguu, akaendelea kutuuliza habari za nyumbani, za safari, za wazee wetu, kana kwamba tulikwenda kutembea tu.

Kisha akatuambia mtoto wetu si mgonjwa. Akasema kuna watoto wanaohisi mambo zaidi ya wenzao, na linalotupita sisi kama upepo, kwao husimama likawatazama. Akasema vitabu alivyosomea vinashauri mtoto wa namna hii aachwe chumbani kwake atulie. Akatuuliza kama Mumbua ana chumba. Tukacheka. Tulikuwa na chumba kimoja na sebule, na Mumbua alilala nyuma ya pazia.

"Ndiyo maana huwauliza wazazi," akasema. "Kwenu nyinyi, mtoto wa namna hii alitulizwa vipi?"

Mke wangu alijibu kwanza. Alisema kwao Bungoma mama yake alikuwa akimbeba mgongoni hata alipokuwa mkubwa wa kuchekwa, huku akiendelea kupalilia. Basi. Bi Mwanamisi akaitikia kwa kichwa kama aliyepewa kitu cha thamani. Mimi nikamwonea mke wangu huruma. Mgongo tu! Mila gani hiyo isiyo na hata ngoma?

Akanigeukia. "Na kwa kina Baba Mumbua?"

Ningesema sijui, na leo nisingekuwa nikiwaandikia. Lakini kwenye rafu palikuwa na kibuyu kidogo cha mapambo, na jicho langu likakiona, na duka likafunguka.

Nikasema kwetu Ukambani mtoto mwenye moyo mwepesi hupewa kibuyu chake. Kila kitu kinachomuumiza hukinong'oneza ndani, kisha anakitia kizibo. Jua likishuka, anakwenda nyuma ya nyumba, anazibua, anayamwaga maneno kwenye shina la mti, na mti unayanywa. Nikaongeza kwamba kina mama wa ukoo hugonga kibuyu kwa kidole kumwonyesha kwamba wamesikia. Sijui kidole kilitoka wapi. Kilikuja chenyewe.

Kichwa cha Mumbua kikatokeza chini ya meza.

Jamani, mngekiona kichwa kile! Mtoto ambaye hata daktari wa meno hakupata kumwona macho, sasa alikuwa akinitazama mdomo.

"Alikuwa na jina?" akauliza.

"Nani, mama?"

"Wa kwanza kupewa kibuyu."

Hapo nilikuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Sikurudi.

"Nzilani," nikasema. "Alikuwa mama wa bibi yake bibi yako. Aliisikia mvua kabla ya watu wote."

Bi Mwanamisi akakishusha kibuyu, akampa. Tukarudi Ukunda, mtoto amekipakata kama kifaranga, na mke wangu akiniangalia kwa heshima ambayo sikuwa nimeionja tangu tufunge ndoa.

Na mambo yakatengemaa! Hilo ndilo lililoniponza. Uongo ungeshindwa siku ile ile, ningeuzika mapema. Lakini Mumbua alirudi kutoka shule na kunong'ona mambo ya siku nzima kwenye kibuyu chake, kisha akaenda kuyamwaga nyuma ya nyumba. Kengele ikilia aliziba masikio tu, hakukimbia. Mvua ikija aliuma midomo na kusema kwamba hata Nzilani aliisikia. Siku moja nilimsikia akimwambia Saumu, mtoto wa jirani, kwa sauti ambayo sikupata kuisikia kwake, "Sisi kwetu tuna Nzilani. Nyinyi mna nani?" Saumu akaingia ndani kumuuliza mama yake.

Kila jioni alitaka zaidi. Nzilani alikula nini? Alipenda kelele za mbuzi? Alikuwa na rafiki? Nami nikampa. Nzilani akapata mbuzi, akapata rafiki, akapata mchumba mwenye sauti ya chini. Mke wangu, huku akimenya vitunguu, aliuliza mbona Nzilani huyu wa zamani anapenda chapati kwa maharagwe sawasawa na mimi. Nikamwambia damu ni damu. Akasema anaona, na hata jezi ya timu yangu atakuja kuivaa.

Kisha Bi Mwanamisi akafurahi kupita kiasi. Aliniomba ruhusa, akaanza kuwapa vibuyu watoto wengine wa waliohamia huku: watoto wa askari, wa walimu, wa wafanyakazi wa hoteli. Akapanga kuwakusanya wazazi katika ukumbi mdogo kule Msambweni ili kila familia iseme ya kwao. Aliposikia mama yangu anakuja kututembelea shule zikifungwa, akasema mzee huyo ndiye atakayetusimulia Nzilani. Na Mumbua, aliyejificha bafuni siku yake mwenyewe ya kuzaliwa, akasema atasimama mbele ya watu ashike kibuyu.

Nikamwambia Bi Mwanamisi kwamba mama yangu, masikini, hajui Kiswahili.

Mama yangu! Aliyeuza mboga sokoni Kongowea, Mombasa, miaka yote ya utoto wangu! Ambaye Kiswahili chake kilimfanya mteja alipe, ashukuru, na aombe radhi kwa kuchelewa kuja!

Alitoka Kitui, akashuka kwenye basi Ukunda na kiondo kilichojaa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na pojo, zile choroko za kijani. Nilikibeba, nikamweleza mambo yote tukitembea kuelekea nyumbani, kwa sauti nyepesi, kama habari ya kuchekesha. Alisimama katikati ya njia. Bodaboda zikampigia honi, hakuondoka.

"Unataka nimdanganye mtoto juu ya wafu wetu?"

"Mama, ni hadithi tu."

"Hadithi huanza kwa kusema ni hadithi."

Akaniambia nimweleze Mumbua kabla ya siku ya mkutano. La sivyo, akiulizwa, yeye hatasema uongo, na wala hatanisaidia. Nikakubali. Nawaapia nilikubali kwa moyo safi. Lakini kila nilipomkaribia mtoto nilimkuta akikipaka kibuyu mafuta ya nazi, akiyarudia maneno atakayoyasema, na ulimi wangu ukarudi kinywani. Nikasema kesho. Ikafika siku yenyewe.

Ukumbi ulijaa. Bi Mwanamisi alikuja mlangoni kumpokea mama, akamwinamia, mkono kifuani, akasema polepole na kwa nguvu, silabi moja moja, "Shi-ka-moo, ma-ma." Kisha akaonyesha kiti kwa mikono miwili, kama anayeielekeza ndege kutua.

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu. "U hali gani? Watoto wazima? Mbona wanipigia kelele, masikio yangu yana nini?"

Watu wakacheka. Bi Mwanamisi naye akacheka, lakini macho yake yalinitafuta mimi, na yaliponipata hayakuwa yakicheka.

Mumbua akasimama. Sauti ikatoka ndogo, lakini ilitoka. Alimsimulia Nzilani wote: mvua, mbuzi, kizibo, mti unaokunywa maneno. Watoto wenzake walivishika vibuyu vyao. Mama mmoja nyuma yangu alikuwa akifuta macho. Naapa, nilisahau kwamba si kweli. Nilimwona Nzilani.

"Susu atamalizia," Mumbua akasema. Susu ndiyo bibi kwa Kikamba. Akamgeukia. "Susu, Nzilani alipokuwa mkubwa, aliacha kulia?"

Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

Nikainuka. Nikatabasamu tabasamu langu la meno yote, nikaifungua mikono, nikasema, "Mabibi na mabwana, mama yetu amechoka na safari ndefu, basi niruhusuni mimi..."

"Baba," Mumbua akasema, "hiyo ni sauti ya hotelini."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuonyesha kwamba kamba ya kiatu chako imefunguka. Kisha akaupitia uso wangu, kipande kwa kipande, nami nikajua hakuna pa kujificha.

"Nzilani hayuko?"

"Hayuko," nikasema. "Nilimtunga."

Alikiweka kibuyu juu ya kiti, taratibu, kama unavyoweka kitu cha watu. Akatoka nje, akaketi kwenye ngazi. Hakulia. Mtoto anayelilia mvua hakulia, na ndipo nilipoogopa.

Sitawaeleza namna ukumbi ulivyonitazama. Bi Mwanamisi ndiye aliyebaki kuwaeleza wazazi wale wote kwamba mila aliyowapa si mila, na yeye hakuwa na kosa ila kuniamini. Baadaye aliniita pembeni. Nilitarajia kukaripiwa. Ningependa kukaripiwa.

"Sikukuuliza mila ya kupendeza, Baba Mumbua," akasema. "Mkeo alinipa mgongo wa mama yake, ukanitosha. Kibuyu mtoto angeweza kukipenda kama mchezo, na kingemsaidia hivyo hivyo. Wewe ulimpa watu. Watu hawarudishwi."

Gharama yake? Mumbua hakugusa kibuyu tena. Shule zilipofunguliwa na kengele kuanza tena, akarudi chini ya dawati. Nyumbani, kila nililolisema alilipima. Nikisema chakula kitamu, anauliza, "Hiyo ya nyumbani au ya hotelini?" Nikisema nitarudi mapema, "Ya nyumbani au ya hotelini?" Mke wangu alicheka mara ya kwanza. Siku niliyomwambia Mumbua kwamba nampenda, naye akaniuliza swali lile lile kwa upole kabisa, mke wangu aliinuka akaenda kusimama uani.

Aliyetufungulia njia ni mama, na hata hakukusudia. Alikuwa amekaa mkekani na ungo, akichagua pojo, na Mumbua pembeni yake akimtazama vidole. Mimi nilikuwa mlangoni nikifunga viatu vya kazi.

"Susu," Mumbua akauliza, "kwetu kuna mtu wa kweli aliyekuwa akilia kama mimi?"

Mama hakuacha kuchagua. Alinielekezea kidevu.

Nikasema si kweli. Mnaona? Hata baada ya yote yale, neno la kwanza kinywani mwangu lilikuwa hilo.

"Huyu," mama akaendelea kana kwamba sikusema, "jogoo akichinjwa alikaa na njaa. Meli zikipiga honi bandarini alikojoa kitandani. Watoto wa mtaa walimcheka mpaka akajifunza kupiga kelele kuliko wao, na hajanyamaza mpaka leo."

"Na ulikuwa ukimfanyaje?"

"Nilikuwa na kazi, naye alikuwa na machozi. Nilimpa pojo achague mawe. Tulichagua tu, hatukusema kitu."

Nikakumbuka. Wallahi nilikuwa nimesahau, au nilijisahaulisha. Nikakumbuka ubaridi wa pojo vidoleni, na goti la mama likinigusa, na honi ya meli ikiwa mbali kidogo kila punje niliyoisogeza. Miaka yote nilimtafutia mwanangu bibi wa kumrithi moyo ule, nikampa hadi mbuzi na mchumba, na aliyemrithisha alikuwa ni mimi niliyesimama mlangoni na kiatu kimoja!

Nikaketi mkekani. Nikamwambia Mumbua jambo ambalo mke wangu pia hakulijua: kwamba hata sasa, baada ya muziki na makofi ya kando ya bwawa, huingia stoo ya viti vya ufukweni nikakaa gizani, taulo kichwani, mpaka kelele zinitoke.

Mumbua alifikiri.

"Mlango unaufunga?"

"Naufunga."

"Mimi pia ningeufunga," akasema. Akauvuta ungo kidogo, ukawa kati yetu.

Nilichelewa kazini siku hiyo. Meneja aliniuliza sababu, nikamwambia nilikuwa nikichagua pojo, akadhani namtania.

Bi Mwanamisi tumemrudia. Nilimwomba radhi, nikaenda kuwaomba radhi na wazazi wengine, mlango kwa mlango wale waliokubali kunifungulia. Pojo sasa ziko kwenye jamvi lake, na za Mumbua ziko nyuma ya pazia lake, kwenye bakuli. Hazifanyi miujiza. Kengele bado inamtesa. Lakini akinitazama haupimi uso wangu kama zamani, au anaupima haraka haraka na kuendelea na shughuli zake.

Ila anamkumbuka sana Nzilani. Hilo sikulitarajia. Juzi aliniuliza kama inafaa kumlilia mtu ambaye hakupata kuishi. Nikamwambia mimi pia namkumbuka. Basi tukamlilia kidogo, sisi wawili, na mama yake akatukuta hivyo, akauliza nani amekufa, tukashindwa kumweleza.

Enyi mliohama kwenu, au mliozaliwa mkiwa mmeshahama, nawasihi. Mshauri akiwauliza mlilelewaje, msione haya kwa udogo wa mlichonacho. Semeni mgongo, semeni pojo, semeni hamkumbuki, kisha mpigieni simu anayekumbuka. Na kama mwanenu ni wa wale wanaohisi mpaka mnashangaa katoa wapi, jitazameni kwanza nyinyi. Msimtungie mtu wa ukoo. Mtakayemtunga, mwanenu atampenda, na siku ya kumzika mtachimba kaburi wenyewe, yeye akiwatazama.